Ulimi mzito si akili nzito

Wahenga walinena kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nikaisoma, nikaifundisha na hata kuitungia maswali ya mtihani. Hata hivyo, nakiri kwamba sikuielewa barabara hadi siku niliposhindwa katika mchezo wa dadu ugenini. Naomba msomaji anivumilie ninapoanza na habari za mchezo. Mchezo wenyewe ni wa Wamarekani, lakini funzo lake linatugusa hata sisi wa huku.

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulibuniwa na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, akishirikiana na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota, ukachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1974. Si mchezo wa ubao kama dama, wala hauna kete kama bao. Wachezaji huketi mezani na kila mmoja hujitwalia mhusika wa kubuni: mpiganaji wa upanga, kuhani, mwizi ama mchawi wa zama za kale. Mmoja wao huwa msimulizi. Yeye huwaeleza wenzake wanachokiona na kukisikia katika nchi hiyo ya kufikirika, nao husema wahusika wao watatenda nini na kunena nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa ili ziamue. Kwa ufupi, ni ngano inayotambwa na watu wengi kwa pamoja, na hakuna hata mmoja wao ajuaye itakavyoishia.

Kabla ya kuanza, kila mhusika hupimwa kwa sifa sita: nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Kwa kanuni za awali, dadu tatu hutupwa kwa kila sifa, kwa hiyo alama huwa kati ya 3 na 18. Jambo lililonivutia mimi mwanaisimu ni kwamba wabunifu wa mchezo waliona haja ya kuitenga akili na hekima. Akili ni uwezo wa kukumbuka, kukokotoa na kuyajua yaliyoandikwa vitabuni. Hekima ni uwezo wa kutambua, kuhisi hatari na kumsoma mtu kabla hajasema neno. Mchawi hutegemea akili, kuhani hutegemea hekima. Na kwa kuwa dadu hazina upendeleo, hutokea mara kwa mara kwamba mhusika mmoja ana akili haba na hekima tele. Hapo ndipo mchezaji huulizwa swali gumu: mtu wa namna hiyo huzungumzaje?

Swali hilo lilinifika Machi 2008. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo kimoja huko Wisconsin, theluji ingalipo nje, habari zilipotufikia kwamba Gygax amefariki. Wanafunzi wenzangu wakaamua kumkumbuka kwa kuucheza mchezo wake, nao wakanialika. Mwenyeji wetu alikuwa na kitabu kikuukuu cha kanuni, toleo la mwaka wa 1981. Nikatupa dadu. Akili nikapata 5, hekima nikapata 16. Kanuni zikanielekeza kwenye ukuhani. Nikambuni kuhani aliyewahi kuchunga mbuzi, mtu ambaye hakupata kujua kusoma.

Kitabu hicho kilikuwa na jedwali ambalo sijalisahau. Mhusika mwenye akili ya 3 hutatizika kuzungumza, tena hajui kusoma wala kuandika. Mwenye 4 au 5 hajui kusoma wala kuandika lugha ya wote. Mwenye 6 hadi 8 aweza kuandika maneno mepesi tu. Kuanzia 13 kwenda juu, mhusika huongezewa lugha nyingine. Zingatia, msomaji, kilichotendeka katika jedwali hilo: akili, usemaji na kujua kusoma vimefungwa katika tita moja kama kuni. Lakini zingatia pia kwamba mhusika wangu alikuwa na 5, si 3. Kitabu kilimnyima kalamu tu. Hakikumnyima ulimi.

Ulimi niliuvunja mimi mwenyewe. Bila kuambiwa na mtu, nilimfanya kuhani wangu azungumze Kiingereza cha kuokotezaokoteza, kisicho na nyakati wala viunganishi. Watu wakacheka mno. Nami, mgeni niliyekuwa nikitafuta kukubalika, nikakolezea.

Usiku ulipokomaa, tukafika kwenye daraja la kamba lililopita juu ya korongo. Mwanamume mmoja akatutolea hati yenye mhuri wa mfalme, inayosema kwamba daraja ni imara na kwamba ushuru ni vipande kumi vya dhahabu. Mchawi wetu, aliyekuwa na akili ya 17, akaisoma hati ile, akaukagua mhuri, akatangaza kwamba kila kitu kiko sawa. Msimulizi alikuwa ametaja, kama jambo la kupita tu, kwamba punda wa mtu yule amefungwa upande wetu, na kwamba majani yameota kwenye mbao za kukanyagia. Mchunga mbuzi yeyote angelitambua jambo hilo. Nami nililitambua, nikasema kwa sauti yangu ya kuchekesha maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Punda hapana pita. Majani iko. Mimi hapana pita."

Meza nzima ikaangua kicheko, kisha wakapita. Daraja likakatika, na wahusika watatu kati ya watano wakaishia bondeni.

Baadaye mwenyeji wetu aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini sikuwaonya. Nikamjibu kwamba niliwaonya. Akafikiri kidogo, akasema alidhani ninafanya mzaha. Nikanyamaza, kwa sababu papo hapo niliitambua sauti ile niliyokuwa nikiiiga usiku kucha. Sikuibuni. Ilikuwa sauti ya nyanya yangu.

Mwaka wa 1990, nikiwa darasa la nne, nilifuatana na nyanya siku maafisa wa kupima ardhi walipofika kwetu Kitui. Nyanya hakuwahi kuingia darasani. Kikamba chake kilikuwa cha watu wanaoitwa kusuluhisha ugomvi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Mimi nilipelekwa ili nimsomee karatasi. Karatasi ilisema kwamba mpaka unaanzia kwenye mgunga na kuteremka hadi mtoni. Karani akatuonyesha mgunga. Nami, kijana mwerevu niliyeongoza darasa, nikasoma, nikautazama mti, nikaona kwamba maneno na mti vinapatana.

Nyanya akasema: "Hii mti hapana ile. Ile mti nakufa."

Karani akacheka, na wengine wakacheka pamoja naye. Nami nikaona haya, nikamwambia nyanya kwa Kikamba anyamaze, maana karatasi imesema mgunga na mgunga ndio huu. Akanitazama kwa muda, kisha akatia kidole gumba kwenye wino.

Alichokuwa akisema ni hiki: mgunga wa mpaka ulikufa wakati wa ukame wa 1984, huu tulioonyeshwa ni mwingine, mchanga, uliosimama hatua thelathini ndani ya shamba letu. Hakuna aliyemwuliza swali hata moja. Hatua hizo thelathini zilikwenda pamoja na kijia cha kuteremkia mtoni, na tangu siku hiyo mama alizunguka mbali kufuata maji katika mchanga wa mto. Waama, siku ile mchawi mwenye akili ya 17 nilikuwa mimi.

Hebu sasa tuliangalie jambo hili kwa jicho la taaluma. Mwaka wa 1971 mwanaisimu wa Marekani, Charles Ferguson, aliandika kuhusu namna watu wanavyoirahisisha lugha yao wanaposema na watoto wachanga au na wageni. Wao hudondosha vitenzi vishirikishi na viambishi, wakiamini kwamba msikilizaji ataelewa hivyo kwa wepesi zaidi. Jambo la kutia maanani ni kwamba lugha hiyo iliyovunjika hutamkwa na wenye lugha wenyewe. Ni picha waliyo nayo vichwani mwao juu ya mtu wanayemwona mdogo. Mchezaji anapompa mhusika wake wa akili haba ulimi wa namna hiyo, hamwigi mtu yeyote aliyepata kuishi. Anaiiga dharau.

Mwenzake Ferguson, William Labov, alilisukuma suala hili mbele zaidi mwaka wa 1969. Alilinganisha usemi wa kijana mweusi wa mitaa ya Harlem, aliyezungumza Kiingereza ambacho walimu walikiita kibovu, na usemi wa mtu mzima aliyesoma hadi chuo. Alipoyachambua maneno yao hatua kwa hatua, alikuta kwamba hoja ya kijana ilikuwa fupi, kali na iliyofungamana, ilhali msomi alizungukazunguka na kujirudiarudia kwa maneno ya adabu. Kosa la sarufi sanifu halikuwa kosa la fikra.

Wapo watakaosema kwamba akili ni akili, iwe imesemwa vizuri ama vibaya, na kwamba inaweza kupimwa. Nawajibu kwa kisa kutoka Liberia. Watafiti walioongozwa na Michael Cole na Joseph Glick waliwapa wakulima wa Kipelle vitu ishirini wavipange: vyakula, zana, mavazi na vyombo. Wakulima hawakuviweka vyakula pamoja na zana pamoja. Waliweka kisu na chungwa mahali pamoja, kwa kuwa kisu hukata chungwa, wakaeleza kwamba mtu mwenye hekima ndivyo apangavyo. Mtafiti alipochoka, akauliza: je, mpumbavu angepangaje? Papo hapo vitu vikapangwa kwa makundi safi, vyakula huku, zana kule, kama vile kipimo cha akili kilivyotaka. Wakulima wale hawakushindwa na mtihani. Waliuona kuwa wa kipumbavu.

Hapa kwetu, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka wa 2001 utafiti wao juu ya watoto 85 wa kijiji cha Usenge, karibu na Ziwa Victoria. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba, jambo ambalo huko huamua nani atapona, na wakawapima pia kwa mitihani ya kawaida ya akili na masomo. Watoto waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya kisomo. Watafiti hao walionyesha vilevile kwamba Wajaluo wana maneno manne pale ambapo mitihani ina moja: rieko, ambalo ni maarifa na stadi, luoro, ambalo ni heshima, winjo, ambalo ni kuelewa namna ya kuyakabili mambo ya maisha, na paro, ambalo ni kuanza jambo bila kusukumwa. Ukimpa Mjaluo dadu za Gygax, yamkini ataomba aongezewe jozi moja.

Kiswahili nacho si maskini. Tuna akili, elimu, maarifa, hekima na busara. Mzizi wa Kiarabu uliotupa neno akili ndio unaotumika kwa kamba ya kumfunga ngamia asipotee. Mzizi uliotupa busara ni wa kuona. Basi mtu aweza kuwa na kamba fupi na macho makali. Nyanya yangu aliona.

Je, mhusika wa akili haba na hekima tele achezwe vipi? Kwanza, apewe lugha kamili. Maneno yake yawe machache na mepesi, yatoke katika vitu alivyovishika na kuviona, lakini yawe na kichwa na miguu. Pili, ujinga wake uwe wa kweli: asahau majina ya wafalme, achanganyikiwe na hesabu ya dhahabu, asijue nchi jirani iko upande gani. Asione haya kusema "sijui", maana hilo ni neno ambalo mchawi mwenye akili ya 17 hulitamka kwa shida. Tatu, aulize zaidi ya anavyojibu. Kuhani wangu hakuhitaji hotuba pale darajani. Angelimgeukia yule mtu wa hati na kumwambia: "Bwana, tangulia wewe na punda wako." Maneno hayo hayahitaji shahada, na watu watatu wangeliokoka.

Nne, asigeuzwe kuwa gunia la methali. Wapo wachezaji, na hata waandishi wetu wa tamthilia, wanaodhani kwamba mzee asiyesoma akifungua kinywa lazima idondoke methali. Hiyo nayo ni namna nyingine ya kutomsikiliza. Nyanya aliposema kwamba mti ule umekufa, hakuwa akinena kwa mafumbo. Alikuwa akitoa ushahidi.

Huenda msomaji akauliza: si mchezo tu huu? Naam, ni mchezo, na wenye mchezo wenyewe wamelitafakari suala hili. Katika kanuni za toleo la mwaka wa 2014, idadi ya lugha azijuazo mhusika haitegemei tena alama za akili. Mwaka wa 2020 waliondoa kanuni iliyolipunguzia akili kabila zima la viumbe waitwao Orc kwa sababu tu ya kuzaliwa kwao. Ikiwa watu wanaocheza na mazimwi ya kubuni wameona haja ya kurekebisha jedwali lao, sisi tunaohukumu watu wa nyama na damu tunangoja nini?

Maana jedwali la 1981 tunalo hapa, ijapokuwa halijachapishwa popote. Tunalitumia tunapocheka vichekesho ambamo bawabu na mtumishi wa nyumbani hupewa Kiswahili cha kuvunjikavunjika ili tujue kwamba ni wapumbavu. Tunalitumia ofisini, mama anapoomba huduma kwa Kiswahili kisicho na upatanisho wa ngeli, na karani akamjibu kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi. Kwa kipimo hicho, nusu ya Nairobi, pamoja na wasomi wake wanaosema "kiti yangu" na "watu ingine", wangepata akili ya 3. Lakini msomi akisema hivyo tunamsamehe, kwa kuwa tunajua kwamba ana Kiingereza mfukoni. Mkulima hasamehewi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Ni jambo jema. Lakini maisha ya raia wengi hayaamuliwi kizimbani. Huamuliwa kwenye dirisha la karani, kwenye kitanda cha zahanati, kwenye baraza la chifu na chini ya mgunga. Huko nako panahitajika mkalimani, na pale asipokuwapo, panahitajika angalau mtu wa kuuliza: "Mama, hebu eleza tena, una maana gani?"

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mwalimu wa lugha, na sitaacha kusahihisha ngeli za wanafunzi wangu. Usanifu wa lugha una mahali pake, nao hutuwezesha kuelewana kutoka Lamu hadi Busia. Ninachopinga ni kuigeuza sarufi kuwa mizani ya utu. Mwanafunzi anayejikwaa katika viambishi anahitaji somo la viambishi. Hajapoteza haki ya kusikilizwa anachosema.

Nyanya aliaga dunia kabla sijarudi nyumbani na shahada yangu. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba mti ule haukuwa ule. Shamba limebaki kama karatasi ilivyosema, na yule mgunga sasa umekuwa mkubwa. Mgeni akiuona hawezi kuushuku hata kidogo. Kila ninapopita hapo huhesabu hatua thelathini, kisha hujiuliza ni nani leo anayesimama mbele ya karani fulani, akiwa ameona tusichokiona, na sisi tunacheka.